Siku Zuhura Ilipoota Pembe

Wiki niliyokabidhi meza yangu ya kazi, fundi mpya, Salehe, kijana wa Zanzibar, alinyoosha kidole kwenye kofia kuukuu iliyotundikwa ukutani, yenye tundu la kuungua mbele, juu ya paji. Akaniuliza ni nani aliyenipiga risasi. Nikamjibu kuwa ni jua. Alicheka kwa adabu, kama anayemchekea mzee, nikajua hakuniamini. Ndipo nilipoamua kuandika.

Nyinyi mnaobaki karakanani hapa Mahajanga mnanijua kama fundi wa saa za meli na dira. Hamjui kwamba nusu ya kazi hiyo nilifundishwa na darubini. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo kilikuwa kimoja tu, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko cheo.

Naandika Kiswahili kwa ajili ya Salehe na wenzake wa kwao. Huku kwetu Kiswahili kimebaki zaidi katika maneno ya dini, biashara na bahari. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kisakalava, na kazini Kifaransa cha kuagizwa. Kwa hiyo watu mtakaowasikia wakizungumza humu nimewageuzia maneno. Wengi wao wangeshangaa kujisikia.

Nilianza kazi Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, nikiwa na miaka ishirini, kwa Bwana Kasamali. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale, mtengeneza saa, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vingeweza kushika hata kijiko. Siku ya kwanza alinipa saa ya mezani iliyokufa zamani, akaniambia niifungue. Nilifurahi sana. Kufika adhuhuri nilikuwa nimetandaza kila gurudumu na kila parafujo juu ya kitambaa, nimevipanga kwa ukubwa kama askari.

Akaja, akatazama. "Umechora?"

"Nimechora nini, Bwana?"

"Kila kitu kilikaa wapi kabla hujakitoa."

"Sikuchora."

"Basi hongera. Umeua maiti."

Ilinichukua siku kumi na moja kuirudisha ile saa, na hakunisaidia hata mara moja. Kuanzia hapo nilichora kila nilichofungua. Leo nina madaftari ya michoro yanayojaza sanduku, na mke wangu ameapa kuwa nikitangulia mimi atayauza kwa wauza karanga.

Mwaka wa tatu, Mfaransa mmoja, Msyu Rivolet, mkemia wa kiwanda cha sukari, alituletea darubini yake. Hapo nilikuwa nimezoea darubini za manahodha, zile za kukunjua mkononi. Hii ilikuwa kitu kingine. Bomba lake lilikuwa la shaba ya manjano, refu kama mtoto wa miaka saba, lenye miguu mitatu ya mti mgumu, na kioo cha mbele kilikuwa na upana wa milimita sabini na tano. Juu ya bomba palikuwa na kijidarubini kidogo cha kulengea. Nilipoiinua kutoka sandukuni nilihisi uzito wa kitu kilichotengenezwa na mtu asiyekuwa na haraka.

Ugonjwa wake ulikuwa ukungu. Hewa ya Nosy Be ni nzuri kwa maua ya milangilangi, si kwa vioo. Ukungu ulikuwa umetambaa ndani ya kioo cha mbele kama mizizi ya nyasi. Na kioo hicho, nawaambia msiojua, si kimoja. Ni viwili vilivyolaliana, na kati yao huwekwa vipande vitatu vidogo vya karatasi ya bati ili visigusane. Vioo hivyo viwili lazima vifunguliwe, vioshwe, virudishwe.

Bwana Kasamali alinipa kazi hiyo peke yangu. Nilichora bomba, nikachora pete, nikachora parafujo zote. Vioo vyenyewe sikuvichora. Vilikuwa vya mviringo, vyeupe pande zote. Nilijiuliza, kioo kina mbele na nyuma? Nikaviosha kwa maji ya mvua na tone la spiriti, bila kusugua, nikavikausha kwa pamba iliyochemshwa. Ukungu ulitoka wote. Vilimetameta. Nikavirudisha, nikaelekeza darubini ng'ambo ya maji, Nosy Komba, kwenye mnazi mmoja uliosimama peke yake.

Sikuona mnazi. Niliona uji wa kijani.

Nilizungusha kile kijibomba cha kutazamia, kiitwacho jicho, mbele na nyuma mpaka kiganja kikapata malengelenge. Uji ulibaki uji. Nilifunga tena, nikafungua tena, mara nne, na kila mara nilipata uji wa aina nyingine. Siku ya tatu nilimwendea Bwana Kasamali, nikamwambia nimeharibu chombo cha mzungu. Nilitegemea atanipiga. Aliendelea kukaza kijiparafujo cha saa ya mkononi.

"Nenda ukamwambie mwenyewe."

"Bwana, atatufungia duka."

"Atalifunga kama nikienda mimi. Wewe ukienda, labda atashangaa kwanza."

Nilitembea hadi nyumba ya Msyu Rivolet nikiwa nimelibeba sanduku kichwani. Nilipita mlango wa jikoni, maana wa mbele haukuwa wetu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye ndevu za rangi ya sukari guru. Nilimweleza kwa Kifaransa changu kibovu kwamba kioo ni safi lakini hakioni, na kosa ni langu, wala si la bwana wangu.

Alifungua sanduku. Kisha akaniuliza, "Ulitia alama?"

"Sikutia, Msyu."

"Aliyekitengeneza alitia. Leta meza."

Tulikifungua pamoja pale barazani. Alinishikisha vioo vyote viwili ukingoni, akanigeuzia upande wa mwanga. Kwenye ukingo mnene wa vioo palikuwa na mstari mwembamba wa penseli, umbo la mshale, nusu yake kwenye kioo kimoja na nusu kwenye cha pili. Vioo vikikaa kama vilivyozaliwa, mshale unakamilika. Mimi nilikuwa nimepindua kimoja na kuzungusha kingine. Tulivirudisha, tukautazama tena ule mnazi wa Nosy Komba. Ulisimama kichwa chini, miguu juu, na nilihesabu madafu yake. Yalikuwa tisa.

"Umepinduka!" nilisema.

"Ndivyo zilivyo darubini za nyota. Nyota haina habari ya juu na chini."

Kwa miezi mingi baada ya siku ile nilikwenda kwake mara mbili kwa wiki, kazi ikiisha. Alinifundisha kila ninachokijua kuhusu kuanza, na nawapa hapa kama kilivyo. Miguu ni nusu ya darubini, kwa hiyo kioo kizuri juu ya miguu inayotetemeka ni bure. Anza siku zote na jicho dogo, lile linalokuza kidogo, maana anayekimbilia kukuza sana hupata kiza kikubwa kinachotikisika. Anza na mwezi, lakini si mpevu. Mwezi mpevu ni kama uso wa mtu aliyemulikwa taa, hauna mikunjo. Tazama mwezi wa siku saba, pale mwanga unapokutana na giza, ndipo milima inapotoa vivuli. Kisha Mshtarii na vile vinyota vyake vinne vinavyohama kila siku, kisha Kilimia. Umande ukishika kioo usikifute. Kiache kikauke chenyewe, ukalale.

Alinifundisha majina ya nyota thelathini kwa Kifaransa, nami nikamfundisha kumi kwa majina yetu. Katika muda wote huo hakuwahi kunikaribisha kiti. Nilisimama. Labda ndiyo sababu hadi leo naona vizuri zaidi nikiwa nimesimama.

Tundu la kofia lilipatikana hapo. Alitaka kunionyesha madoa ya jua. Darubini ilikuwa na kioo cheusi cha kufunika jicho. Alikitupa pembeni, akasema vioo vya namna hiyo hupasuka kwa joto na kumpofua mtu kabla hajapiga yowe. Badala yake alishika karatasi nyeupe nyuma ya darubini, na jua likajichora juu yake kama sahani, lina madoa madogo kama ya ndizi iliyoiva. Niliinama kutazama karatasi. Sote wawili tulikuwa tumesahau kufunika kile kijidarubini cha kulengea, na jua lililopita humo likakusanyika juu ya kofia yangu. Nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikadhani ni jikoni. Salehe, ndilo hilo. Vidole viwili chini zaidi, ungekuwa unamuuliza fundi chongo.

Msyu Rivolet alipohamishwa kurudi kwao, mizigo yake ilijaa makabati na vinyago. Jioni ya kuamkia safari aliniita, safari hii kwa mlango wa mbele. Sanduku la darubini lilikuwa sakafuni.

"Wewe unaijua kutoka ndani," alisema. "Mimi naijua kutoka nje tu. Ichukue. Lakini usiiweke sandukuni kama kitu cha urithi. Ukungu hupenda vitu vya urithi."

Niliinama nikakaza mkanda wa sanduku uliokuwa umekazwa tayari. Yeye naye alikuwa akitafuta kofia yake. Tukaachana hivyo.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi katika karakana hii ya Mahajanga, ya vyombo vya meli. Nilisafiri kwa meli ya pwani nikiwa nimelikumbatia bomba lililoviringishwa ndani ya godoro langu, na abiria wote waliamini nimebeba maiti ya mtoto. Mama mmoja alinisomea Fatiha njia nzima. Sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Mwaka wangu wa pili karakanani msimamizi, Mfaransa, alinipa saa ya meli ambayo mafundi wawili kabla yangu walishindwa kuipima. Tatizo la saa ya meli si kwenda mbele au kurudi nyuma. Tatizo ni kujua kwa hakika inakwenda mbele kiasi gani kila siku, maana nahodha hupata mahali alipo baharini kwa saa hiyo, na dakika moja ya kosa inaweza kumpandisha mwambani. Siku zile alama ya saa inayotumwa kwa simu ya upepo ilikuwa imekatika kwa matengenezo, na meli ilikuwa inangoja. Mafundi walikuwa wakilinganisha saa na saa, yaani mlevi na mlevi mwenzake.

Nilifunga darubini kwenye nguzo ya ua wangu, nikailenga kwenye ukingo wa ukuta wa jirani, nikangoja nyota moja angavu izame nyuma ya ukuta ule. Nilipiga kelele "Hapo!" na mke wangu akasoma saa. Jioni ya pili tulifanya vivyo hivyo, na ya tatu, bila kuisogeza darubini hata unywele. Nyota ile ile hurudi mahali pale pale kila siku mapema kwa dakika nne kasoro sekunde nne, na haijawahi kukosea tangu Mungu aiumbe. Saa ikitofautiana na hesabu hiyo, mkosaji ni saa. Nilimpelekea msimamizi karatasi yenye mstari mmoja: saa inakimbia kwa sekunde mbili na nusu kwa siku.

"Nani kasema?" aliuliza.

"Nyota, Msyu."

Alicheka. Simu ya upepo iliporudi walipima kwa njia yao, wakapata sekunde mbili na nusu. Hakucheka tena, na tangu siku ile saa ngumu zilikuja mezani kwangu.

Nimemtaja mke wangu. Jina lake Mwanaesha, na wakati ule tulikuwa na miezi sita tu ya ndoa. Baba yake, Mzee Mdahoma, alikuwa Mkomoro wa ukoo mkubwa, msimamizi wa wapakizi wa mizigo bandarini, mtu ambaye akisimama barazani mtaa mzima hupunguza sauti. Alinikubali kwa shingo upande. Mkwe mwenye kazi ya mkono alimfaa. Mkwe anayekaa uani akitazama juu kwa bomba hakumwelewa. Aliniuliza mara kwa mara, "Na huko juu, wanakulipa?"

Mara moja tulikwenda, mimi na Mwanaesha, hadi Belobaka kwa gari la ng'ombe la binamu yake, mahali pasipo taa za mji wala vumbi la bandari. Baada ya isha nilimwonyesha Zohali. Alitazama muda mrefu hata nikaanza kuogopa kwamba haoni.

"Kumbe imevaa kikuku," alisema.

Tangu siku hiyo nilikuwa na msaidizi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mtaa mzima ulikuwa unangoja kuandama kwa mwezi. Ukionekana, kesho yake Idi. Usipoonekana, saumu ya thelathini. Mzee Mdahoma alikuja kwetu kabla ya magharibi pamoja na wazee wawili, rafiki zake wa msikitini. Alikuwa ametangaza, bila kuniuliza, kuwa mwaka huu mwezi utatafutwa kwa darubini ya mkwe wake. Kwa mara ya kwanza nilisikia fahari katika sauti yake. Nilijua kwa hesabu kwamba mwezi ungezama karibu pamoja na jua na hautaonekana na mtu yeyote. Nilimwambia. Akanipungia mkono. "Wewe tega tu."

Nikatega. Jua lilipozama, nilifanya kama kila mtazamaji afanyavyo, nikakilenga kitu angavu kwanza ili nirekebishe jicho. Magharibi palikuwa na Zuhura, ing'arayo kuliko zote. Niliirekebisha mpaka ikakaa sawa. Adhana ikaadhiniwa. Niliingia ndani kufuturu kwa tende na maji, dakika chache tu, na darubini nikaiacha imeelekezwa pale pale.

Nikiwa na tende mdomoni nilisikia kelele uani. "Mwezi! Wallahi, mwezi!"

Nilipotoka, wazee watatu walikuwa tayari wanavaa viatu. Mzee Mdahoma alinishika mabega, machozi yakimlengalenga. "Nimeuona, mwanangu. Mwembamba, una pembe mbili. Sote watatu tumeuona." Kisha wakaenda zao msikitini, na watoto wa mtaa mbele yao wakipiga takbiri.

Sikuhitaji hata kuinamia darubini. Nawaeleza nyinyi, kwa sababu wengi hawajui. Zuhura hukua na kupungua kama mwezi. Inapokuja karibu nasi, kati yetu na jua, hubaki kihilali chembamba. Kwa jicho tupu ni nyota tu, nukta ya mwanga. Lakini kwa darubini yangu, kwa jicho lile dogo, kihilali hicho huonekana kikubwa kama mwezi wenyewe unavyoonekana na jicho tupu. Mtu mwaminifu kabisa angeapa. Na watatu walikuwa wanakwenda kuapa, kwa chombo changu, nilichokilenga mimi.

Mwanaesha alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alikuwa ameelewa kabla yangu, maana nilikuwa nimemwonyesha Zuhura wiki iliyopita.

"Ukienda, utamwaibisha baba mbele ya watu," alisema.

"Najua."

"Usipokwenda, mtaa mzima utakula mchana wa Ramadhani."

"Hilo nalo najua."

Akaweka bakuli chini. "Basi mbona bado umesimama?"

Imamu wetu alikuwa Sheikh Nasuri, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kusogea karibu. Nilipofika, swala ilikuwa imekwisha na wazee watatu walikuwa wamekaa mbele yake. Watu walijaa hadi ngazini.

"Mmeuona kwa macho?" alikuwa akiuliza.

"Kwa darubini ya mkwe wangu," alisema Mzee Mdahoma, kwa sauti ya kusikika nje.

"Pembe zake zilitazama wapi?"

Wazee walitazamana. "Chini," alisema mmoja. "Ndiyo, chini," walikubali wengine.

Mwezi mwandamo huku kwetu hulala chali kama bakuli, pembe zikitazama juu. Kila mtu mle ndani alijua hivyo, na kimya kikaanza kutambaa kutoka mbele kwenda nyuma.

Nilisema kutoka mlangoni, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Sheikh, niliyeilenga darubini ni mimi. Sikuilenga mwezini. Niliilenga Zuhura."

Mzee Mdahoma aligeuka. Sitasahau uso ule. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayepanda ngazi na kukuta kidato kimoja hakipo.

"Unasema nimesema uongo?"

"Hapana, Baba. Nasema uliona pembe, na pembe zipo. Sheikh, bado haijazama. Nyumba yangu ni vichochoro vitatu tu kutoka hapa. Njoo utazame."

Watu walianza kunguruma. Mmoja alisema chombo cha kizungu kinadanganya Waislamu. Sheikh Nasuri akainuka, akachukua fimbo yake. "Kama kinadanganya," alisema, "nami nataka kudanganywa, ili nijue."

Uani kwangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Kwanza niligeuza darubini kwenye mnara wa msikiti, ambao bado ulionekana kwa mwanga wa machweo, nikamwomba atazame. Alitazama, akanyanyuka, akautazama mnara kwa macho, akatazama tena.

"Umesimama kwa kichwa."

"Darubini za nyota hupindua kila kitu, Sheikh. Pembe za chini ni pembe za juu."

Kisha nikailenga Zuhura. Alikaa muda. "Subhanallah," alisema taratibu. "Ni hilali." Nyuma yetu watu waliguna kwa furaha, na kwa nukta moja nilidhani nimeshindwa. Lakini aliendelea. "Sasa liondoe bomba lako. Nionyeshe kwa kidole lilikuwa linatazama wapi."

Niliondoa. Nikaonyesha. Sheikh alikodoa macho yake ya kizee kuelekea magharibi, ambako nyota moja kubwa iliwaka juu ya mapaa.

"Pale?"

"Pale."

"Ile naijua tangu nanyonya. Ile ni Zuhura." Akaugeukia umati. "Mzee Mdahoma hakusema uongo. Ameona alichoona, nami nimekiona. Lakini si mwezi. Kesho tunafunga."

Watu walitawanyika wakinung'unika, wengine wakinitazama kama niliyewaibia Idi. Wanawake waliokuwa wamekwisha kuloweka mchele walinitaja kwa majina ambayo siyaandiki. Mzee Mdahoma aliondoka bila kuniaga. Wale rafiki zake wawili walimfuata nyuma kidogo, si karibu naye, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Kesho yake jioni mwezi uliandama, umelala chali, mwembamba, karibu na Zuhura, wazi kabisa. Wa kwanza kuuona alikuwa mwanamke muuza mihogo, kwa macho yake mwenyewe. Darubini yangu ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Idi ilisaliwa. Nilikwenda kumpa mkono baba mkwe. Alinipa vidole viwili.

Alinyamaza kwa wiki tatu na zaidi. Alipita mbele ya karakana akitazama bandarini. Chakula alichompelekea binti yake kilipitia kwa jirani. Mwanaesha hakunilaumu hata siku moja, lakini usiku alikuwa akigeukia ukutani, nami nilijua anamuwazia baba yake. Nilijiuliza kama ningeweza kumvuta Sheikh pembeni na kumnong'oneza. Nimelifikiri kwa miaka mingi, na jibu langu ni lile lile. Takbiri ilikuwa imekwisha kupigwa hadharani. Na kosa, kama lile la vioo, lilikuwa la kusemwa na aliyelifanya, na aliyeiacha darubini pale ni mimi. Ila ningeweza kumshika mzee mkono nilipokuwa nasema. Hilo sikulifanya, na ndilo ninalolijutia.

Mwishoni mwa mwezi ule wa Shawwali, baada ya alfajiri, nilikuwa uani nikilenga mashariki. Zuhura ilikuwa imekwisha kupita upande wa pili wa jua na kuwa nyota ya asubuhi. Mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Mdahoma, ametoka msikitini, tasbihi bado mkononi.

"Ile yako ya pembe," alisema bila salamu, "Sheikh anasema imehamia asubuhi. Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba. Karibu."

Nilimletea kiti. Akakaa, akainamia jicho la darubini, mikono juu ya magoti kama aliyekuja kunyolewa. Mbingu zilikuwa zinapauka. Alitazama muda mrefu sana, mimi nikilisogeza bomba kidogo kidogo kuifuata Zuhura. Jua likachomoza, nyota zote zikafa, na yeye bado alikuwa ameinama.

"Jua limetoka," alisema, "na bado ipo."

"Itakuwepo mchana kutwa. Watu hawaioni tu."

"Ina pembe."

"Ina pembe."

"Basi niliona kitu."

"Uliona, Baba. Watu wengi hufa hawajakiona."

Aliinuka, akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu wa magunia, akauacha hapo kidogo. Kisha akatoka, akavuka njia, nikamsikia akiwagongea milango wale wenzake wawili, kwa nguvu, kama mtu anayedai haki yake. Wakaja wote watatu na kanzu zao za msikitini, wakapanga foleni mbele ya darubini jua likiwa limekwisha kupanda juu ya mapaa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, nilichelewa karakanani.